Nilivyopandishwa Mlima na Mama Mkwe

Mama wa mke wangu ni mtu ninayempenda kwa mbali. Sisemi hivyo kwa ubaya. Ndivyo anavyotaka mwenyewe, na ndivyo Wakamba wa rika lake walivyolelewa: mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawakai kochi moja, hawali wakitazamana, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hupisha pembeni kama mtu anayetafuta kitu kilichomwanguka. Wanaiita nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, na ukiishi nayo muda mrefu unaizoea, kama unavyozoea mlango wa nyumba unaokutaka uiname kidogo.

Yeye ameokoka zamani, ni mama wa kanisa anayetegemewa pale Mukuyuni, na mengi ya kale ameyaacha. Hili hakuliacha. Mke wangu alipomwambia kwamba siku hizi watu wanakumbatiana na wakwe zao, alisema, "Wakumbatiane," akaendelea kuchagua ndengu.

Kwa hiyo tangu nioe, mimi na yeye tumekuwa tukizungumza kupitia kwa mke wangu. Tunakuwa sebule moja, yeye kwenye kigoda karibu na mlango, mimi kwenye kochi, mke wangu katikati.

"Muulize mumeo kama Kitui mvua imenyesha."

"Mwambie mama imenyesha kidogo."

Mke wangu hata hajisumbui kurudia. Anaendelea na shughuli zake, na maneno yanapita juu ya kichwa chake kama nguo zinazoanikwa.

Mimi nilizaliwa Kitui mjini, mtaa wa karibu na msikiti. Babu wa baba yangu alikuja kutoka pwani akiuza vitambaa, akakaa, na sisi tumebaki na vitambaa mpaka leo. Nina duka la nguo za mita, uzi, zipu na vifungo. Kazi yenyewe ni kukaa, kusimama kidogo kupima mita mbili za bitana, kisha kukaa tena. Wateja hutoka mpaka Kanyangi, na wote hunikuta nimekaa. Kikamba nilikiokota uwanjani nikicheza na watoto wenzangu, ndiyo sababu mpaka leo najua matusi yake vizuri kuliko salamu zake.

Basi mwaka huo daktari alinipima presha, akatazama karatasi yake, akalitazama tumbo langu, akasema nianze kutembea. Hakusema nipande mlima. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu mke wangu hupenda kumlaumu daktari wa watu.

Nilianza vizuri. Kila asubuhi nilizunguka mtaa kabla ya kufungua duka, na kwa wiki ya kwanza nilikuwa mtu mnyenyekevu. Tatizo lilikuja na simu. Jioni nilianza kutazama video za watu wanaopanda milima, watu wembamba wenye miwani ya jua, wakieleza jinsi ya kufunga kamba za viatu na jinsi ya kuvuta pumzi. Nilitazama nyingi mno. Baada ya muda nikawa ninajua kila kitu kuhusu milima isipokuwa kuipanda.

Siku moja nikaenda Nzambani, ule mwamba mkubwa ulio nje ya mji, nikafika mpaka kileleni. Mwamba wa Nzambani una ngazi za chuma na vyuma vya kushikilia. Nilishika kila chuma kilichokuwepo. Huko juu nikaomba mtu anipige picha nikiwa nimeshika kiuno na kutazama mbali, nikaiweka kwenye simu ili kila ninayempigia aione. Tangu siku hiyo nikawa mshauri. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua kitambaa cha sare nilimweleza kwamba pumzi inaingia kwa pua na inatoka kwa mdomo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema amekuwa akifanya hivyo tangu azaliwe, na je, ile rangi ya maruni ingekuja lini.

Vifaa nilinunua sokoni, kwenye mitumba. Nilipata buti nene za kupandia mlima, moja kubwa kidogo kuliko mwenzake, lakini muuzaji aliniambia miguu ya binadamu hailingani. Nilipata mkoba wa mgongoni wenye kamba nyingi ambazo sikujua kazi yake, kwa hiyo nikazifunga zote. Na nilipata fimbo mbili nyepesi za chuma, zenye mishipi ya kuvaa mkononi na visahani vidogo vya plastiki karibu na ncha. Muuzaji alisema ni fimbo za mlima. Muda mrefu baadaye niliona kwenye televisheni watu wakiteleza juu ya theluji wameshika fimbo kama zangu hasa. Sikumwonyesha mke wangu.

Agosti, shule zilipofungwa, tukaenda na watoto kumsalimia mama Mukuyuni. Nyumba yake iko upande wa juu wa soko. Ukisimama uani na kutazama chini unaona mabati ya maduka na malori ya maembe na machungwa. Ukigeuka unaona mlima. Unaanza pale pale nyuma ya zizi la mbuzi, kwanza mashamba yenye matuta, halafu miti na mawe, halafu mawe peke yake. Nilikuwa nimeuona mlima ule kila tulipokwenda na haukuwahi kunihusu. Safari hii niliutazama kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi.

Usiku ule wa kwanza tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe, na mama akamwambia binti yake kwamba asubuhi wanawake wa kanisa wangepanda mlimani kuomba, kama walivyozoea. Nikaweka kijiko chini.

"Mwambie mama nitawasindikiza," nilisema.

Mke wangu alinitazama. Mama hakunitazama, lakini aliacha kutafuna.

"Mwambie mumeo," alisema baada ya kumeza, "mlima ule hauna ngazi."

Hapo nikajua kwamba habari za Nzambani zilikuwa zimefika Mukuyuni kabla yangu, na zilifika na maelezo yote. Mke wangu aliinamia sahani. Mtu mwenye akili angecheka na kuendelea kula. Mimi nikaeleza, tena kwa urefu, kwamba sisi watu wa milima hatutegemei ngazi, kwamba kinachotakiwa ni pumzi. Nilisema hivyo hasa: sisi watu wa milima.

"Haya," mama alimwambia binti yake. "Mwambie tunaondoka umande ukiwepo."

Asubuhi nilitoka uani nimevaa kila kitu. Wanawake walikuwa wamekusanyika karibu na tangi la maji, wamevaa sketi na sweta, leso zimefungwa kiunoni, miguuni wana viatu vya plastiki vile vya kwendea shamba. Aliyewaongoza alikuwa mama mchungaji, mke wa mchungaji wao, mwanamke wa umri wangu na mnene kunishinda, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alinisalimia kwa heshima sana. Kisha akaziangalia fimbo.

"Na hivi visahani vya chini ni vya nini?"

"Vya kuzuia utelezi," nilisema.

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa, na wanawake wengine nao wakatikisa.

Mke wangu hakuja. Alisema lazima mtu mmoja abaki nyumbani na akili. Kwa hiyo kazi ya kupitisha maneno kati yangu na mama ikamwangukia mama mchungaji, naye akaipokea bila kuulizwa, kwa sababu pale kila mtu anajua mambo hayo yanavyokwenda.

Tulipoanza matuta ya mashamba nilikuwa mbele. Nilitembea kwa kasi, fimbo zikigonga kushoto na kulia, na kila baada ya muda niligeuka kuwakumbusha wanawake wale kuvuta pumzi kwa pua. Wao walikuwa wakiimba. Hilo lingepaswa kunipa funzo, kwamba mtu anayeimba akipanda hana haja ya mawaidha ya pumzi. Tulivuka mkonge wa mwisho, njia ikainuka, udongo mwekundu ukageuka changarawe, na kufika hapo nikawa katikati yao. Baadaye kidogo nikawa nyuma. Wimbo ulikuwa na beti nyingi na sikusikia mtu akikatika sauti.

Mimi sauti ilikuwa imekwisha. Pumzi yangu haikuwa inaingia kwa pua wala kutoka kwa mdomo. Ilikuwa inapita popote ilipoona nafasi. Buti ile kubwa ilikuwa inacheza mguuni na ile ndogo ilikuwa inauma. Kusema "tupumzike" sikuweza, baada ya maneno ya jana, kwa hiyo nikagundua ujanja wa picha. Nilikuwa nikisimama, natoa simu, napiga picha ya bonde. Mbele kidogo nikapiga picha ya mti. Halafu ya jiwe. Kulikuwa na mbuzi mmoja mweusi anakula kichakani, nikampiga picha kutoka pande zote mpaka yeye mwenyewe akaondoka. Wanawake walinisubiri kila mara.

"Mwambie mkwe wangu," nilimsikia mama akimwambia mama mchungaji, "mlima hauondoki. Picha atazipata hata kesho."

"Mama anasema mlima hauondoki," mama mchungaji alinipazia sauti.

"Mwambie nimesikia," nilisema, na maneno hayo mawili yakanigharimu pumzi ya hatua nyingi.

Fimbo ya kwanza ilinasa kisahani chake kati ya mawe mawili. Niliivuta, ikapinda, nikaiacha pale. Kwa kadiri ninavyojua bado ipo, na wachungaji wa mbuzi wanajiuliza ni ya nini. Maji yangu nilikuwa nimeyamaliza tangu kwenye mkonge.

Ndipo tukafika kwenye mwamba. Ulikuwa mpana, umeinama nyuma kama paa la nyumba, urefu wake kama wa nyumba mbili zilizobebana, na katikati umepasuka ufa. Njia ilifika chini ya mwamba ule ikaishia, ikaanza tena juu. Wanawake walikaa, wakavua viatu, wakavitia kwenye vikapu, wakapanda peku, mmoja nyuma ya mwingine, vidole vya miguu kwenye ufa, viganja kwenye jiwe. Mama mchungaji, na unene wake, alipanda kama mtu anayekwenda dukani. Mmoja wao aliniambia nami nivue. Nikamweleza kwamba buti hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mawe.

Wakapotea juu, na sauti zao zikaanza wimbo mwingine mbali zaidi. Chini tukabaki wawili, mimi na mama.

Nilisogea pembeni ili apite, kama tulivyozoea. Hakupita. Alikuwa amesimama na viatu vyake mkononi, akitazama mashamba. Nikasubiri. Naye akasubiri. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa uso ulinichoma. Asingeweza kupanda ukuta ule wa jiwe mbele yangu, na sketi yake, mimi nikiwa chini nimetazama juu. Haiwezekani, hata mlima wenyewe ungeona haya. Ilikuwa lazima mimi nitangulie na yeye afuate. Na mtu anayefuata kwenye mwamba, yule wa mbele akiteleza, ndiye anayeangukiwa. Mama alikuwa amelijua hilo lote tangu mwanzo, na alikuwa amechagua.

Nikaanza kupanda. Fimbo iliyobaki nikaichomeka kwenye mkoba. Mwanzoni kulikuwa na mahali pa kukanyaga, na nilijiambia kwamba video hazikuwa bure. Katikati buti kubwa iliingia kwenye ufa, mguu ukasogea ndani ya buti, buti isisogee. Nikajilaza kwenye jiwe. Nilijaribu kushuka, nikakuta siwezi kuona nilipotoka kwa sababu ya tumbo. Nilijaribu kupanda, tumbo hilo hilo likanisukuma nje kama mlango unaokataa kufungwa. Nikabaki hapo nimekumbatia mwamba, shavu limegusa jiwe, mkoba unanivuta nyuma, na mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka kama pedeli ya cherehani.

Mama aliita. "Mama mchungaji!"

Juu waliimba. Akaita tena, wakaingia kiitikio.

Nilikuwa nasikia mapigo ya moyo wangu kwenye jiwe. Kisha nikasikia sauti yake chini yangu, ya upole, kwa Kikamba, lakini haikuwa inazungumza na mimi.

"Wewe jiwe," alisema. "Mwambie huyo mtu atoe mkoba."

Nilifikiri kwa haraka kuliko nilivyowahi kufikiri dukani. "Jiwe," nikasema, "mwambie mama nikiachia mkono nitaanguka."

"Mwambie aachie mkono mmoja. Mmoja tu. Halafu mwingine."

Nikafanya hivyo. Mkoba ulinitoka, ukapita karibu naye ukiburuta kamba zake zote, ukaruka ukingo na kuingia kwenye michongoma na fimbo yangu, chapati zangu na simu yenye picha za mbuzi.

"Mwambie sasa apandishe mguu wa kulia. Kuna tundu. Liko juu ya goti."

"Mwambie mama silioni."

"Mwambie halionwi, linatafutwa na mguu."

Niliutuma mguu utafute. Ulipata kitu, nikauamini, nikajiinua, na kile kitu hakikuwa tundu. Nilisikia suruali ikichanika. Nikaanza kuteremka, polepole kwanza, kucha zote zikikwaruza jiwe, na nilichowaza si watoto wala dini yangu. Niliwaza kwamba ninakwenda kumuua mama wa mke wangu kwa kumwangukia, na nitaelezaje.

Sikuanguka. Kitu kilinizuia. Viganja viwili vigumu vilitua kwenye makalio yangu, kimoja kila upande, vikasimama hapo imara kama nguzo. Wala sikuwa na suruali ya kutosha mahali pale.

Hata jiwe halikuambiwa chochote.

Halafu akasukuma. Ni mwanamke aliyelima matuta yale maisha yake yote na kubeba maji kutoka mtoni kabla ya tangi kuwepo. Nilipanda mwamba ule kama gunia linalopandishwa kwenye lori. Mguu ukapata tundu la kweli, mkono ukapata ukingo, nikajiviringisha juu na kulala chali nikitazama mbingu. Baada ya muda mfupi nikasikia miguu peku ikipita pembeni yangu. Alikuwa amepanda bila kelele, akaenda kukaa kwenye jiwe kule mbele, amenipa mgongo.

Nami nikakaa, nimempa mgongo wangu, kwa sababu nyingi. Tulikaa hivyo kitambo, kila mtu na upande wake wa nchi. Upande wangu ulikuwa wa Mukuyuni. Soko lilionekana dogo, na sauti ya bodaboda ilikuwa inapanda mpaka pale. Nilitamani kuwa chini, nimekaa kwenye kiti, napima bitana.

"Umeumia?" aliuliza.

Niligeuza kichwa kutafuta anayeulizwa. Hapakuwa na mtu mwingine, na jiwe lilikuwa limeshamaliza kazi yake.

"Hapana, mama," nilisema. "Nimechubuka tu."

"Mikono?"

"Mikono na magoti."

Kisha nikamsikia akiinuka, akatembea, akaweka kitu nyuma yangu, akarudi. Nilipogeuka nikakuta chupa ya maji kwenye jiwe, na pembeni yake leso yake, ile aliyokuwa amefunga juu ya sketi, imekunjwa vizuri.

"Jifunge," alisema akiwa amenipa mgongo. "Wenzangu ni watu wa kucheka."

Nilikunywa maji, nikajifunga leso ya mama mkwe wangu, yenye maua makubwa ya manjano, nikaizungusha kiunoni kadiri ilivyotosha. Nilikuwa natafuta la kusema. Nilifikiri kuomba msamaha, lakini ningeomba msamaha wa nini hasa, na kwa maneno gani. Zamani, niliwahi kusikia, jambo kama lile lingetaka mbuzi wa kuondoa aibu.

"Mama," nilisema, "kama kuna mbuzi wa kutoa, nitatoa."

Alifikiri.

"Ya huku juu yabaki huku juu," alisema.

Tukawafuata wenzake. Walikuwa kwenye uwanja mdogo wa majani kileleni, wamepiga magoti. Nilikaa kando. Hawakuniuliza habari za leso. Mama mchungaji aliitazama mara moja, akamtazama mama, akafumba macho na kuomba kwa nguvu zaidi. Aliombea mvua, akaombea watoto wa shule, akaombea mgeni wao aliyetoka Kitui na kufika salama kwa njia ambayo Mungu peke yake anaijua. Wanawake wakaitikia amina. Mimi nikasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, na sidhani kama nimewahi kulisema neno hilo nikiwa na uhakika zaidi.

Walipomaliza nikawa na wasiwasi mmoja mkubwa, nikausogeza karibu na mama nikitazama miguu yangu.

"Kwenye mwamba ule, kushuka tunashukaje?"

"Hatushuki hapo. Tunazunguka na njia ya punda."

Sikuelewa. "Kuna njia ya punda?"

"Iko upande ule. Pana. Ni ndefu kidogo."

"Kwa nini hatukupanda nayo?"

Alivaa viatu vyake kwanza, kimoja na kingine.

"Ulisema wewe ni mtu wa milima," alisema.

Njia ya punda ilikuwa kweli pana. Nilikutana humo na punda wawili wenye mizigo na mzee mmoja aliyekuwa akitembea huku anaongea na simu. Nilishuka peku, buti nimezining'iniza shingoni, leso inapepea, na mzee alikatiza mazungumzo yake akanisalimia, "Habari, mama," kabla ya kuinua macho kufikia uso. Hakuomba radhi. Alimwambia aliyekuwa kwenye simu kwamba hapo mlimani siku hizi kuna mambo.

Tulipopita chini ya mwamba, mkoba waliutoa wanawake wawili michongomani kwa kutumia tawi refu, wakisema si kazi. Simu ilikuwa imepasuka kioo lakini iliwaka. Chapati zilikuwa nzima, tukazila njiani, na kila mmoja alizisifia, nadhani kwa huruma.

Mke wangu alikuwa uani anapepeta mahindi tulipoingia. Alinitazama kuanzia miguu, akapita kwenye leso, akasimama hapo.

"Hiyo si leso ya mama?"

"Ni yake."

"Alikupa vipi?"

"Aliiweka juu ya jiwe," nilisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Alisubiri mengine. Nikaomba beseni la maji ya moto na chumvi, nikaenda kukaa chumbani na miguu yangu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na moshi wa jiko la mama ulikuwa unapita dirishani. Jiko lile limejengwa kando ya nyumba, ukuta wake ni wa mbao zisizokutana vizuri, na mtu aliye chumbani husikia kila sufuria inayowekwa chini. Nilimsikia mke wangu akiingia. Nikamsikia mama akimwambia afunge mlango.

Kisha ikafuata minong'ono. Nilizuia pumzi. Sikupata maneno, isipokuwa moja moja: jiwe, mkoba, sketi. Mke wangu aliuliza kitu, mama akajibu kwa kifupi. Mke wangu akasema, "Mama, hapana," na mama akasema, "Kwa mikono hii miwili."

Mmoja wao akapuliza moto. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuitambua. Ilianza chini kama kikohozi, ikapanda, ikakatika, ikarudi na nguvu mpya, na nikafikiri kuna mtu kaungua. Ilikuwa ni mama. Miaka yote ile nilikuwa nimemsikia akiomba, akiagiza, akiimba, lakini kucheka hakuwahi kucheka mahali ninapoweza kusikia. Mke wangu naye alikuwa hoi. Alikuwa anapiga ukuta wa mbao na kiganja, na kila walipotulia mmoja wao alisema tena "mtu wa milima", wakaanza upya.

Nilikaa na miguu yangu ndani ya beseni mpaka maji yakapoa. Nilijaribu kukasirika kidogo, kwa ajili ya heshima ya nyumba, lakini haikukaa. Nje watoto walikuwa wanauliza kinachochekesha, na hakuna aliyeweza kuwajibu.